Mita Mia Tatu

Kanyangi mpaka ni mkonge. Watu wa Nairobi wakisikia neno mpaka huona ukuta wa mawe, seng'enge na mlinzi mwenye rungu. Kwetu, upande huu wa mto Athi ambako Kitui inatazamana na Makueni, mpaka ni mstari wa mkonge ambao mtu mmoja aliupanda zamani huku jirani yake akimtazama, wakakubaliana, wakaenda kula. Mkonge ni mvumilivu. Mbuzi hawauhangaikii, ukame hauuwezi, na ukizeeka huacha vichipukizi vinavyoendelea na kazi. Shida yake ni kwamba hauongei. Wale wawili wakishazikwa, kinachobaki ni miiba, na watu wenye maneno.

Mkonge wetu wa kusini ulipandwa na babu. Mwaka juzi, mwana wa jirani alirudi kutoka Nairobi, kibarua cha godauni kikiwa kimeisha, na katika makaratasi ya marehemu baba yake akapata fotokopi ya ramani ya zamani. Ilikuwa ile ramani ya serikali yenye mistari ya vilima na vijito, na kwenye kona moja mtu alikuwa ametia alama ya msalaba kwa kalamu na kuandika namba mbili ndefu pembeni. Hiyo, akasema, ndiyo kona ya shamba lao. Akaziingiza zile namba kwenye programu ya simu na kuanza kufuata kidoti cha bluu.

Tulimfuata sote. Alivuka mkonge. Akapita katikati ya ndengu, akapita ghala la Susu, akapita kaburi la babu bila hata kupunguza mwendo, na akaja kusimama karibu na mwembe ulio upande wa pili wa boma. Zaidi ya mita mia tatu kutoka kwenye mkonge. Akainua simu kila mtu aone.

"GPS haidanganyi," alisema.

Naomba usimchukie haraka. Nimemjua tangu tukichunga mbuzi pamoja. Mvua zilikuwa zimekosa misimu kadhaa mfululizo, baba yake alikuwa ameuza kipande baada ya kipande, na kijana mwenye familia akirudi kijijini mikono mitupu hutafuta chochote kinachoweza kuitwa chake. Alikuwa na namba na simu. Ungekuwa yeye, ungeamini nini, namba au majani?

Susu hakusema kitu. Yeye huniita mume wangu, kwa sababu nilipewa jina la babu kama desturi ya Wakamba inavyotaka, na jioni ile aliniita hivyo bila ule utani wake wa kawaida. "Mume wangu, wewe ulisoma hivyo vitu. Enda uangalie." Wazee nao walikuwa wameanza kutaja kithitu. Kama hukukulia Ukambani, kithitu ni kiapo, na si cha kuchezea: watu huamini kwamba anayekula kithitu kwa uongo hafi peke yake, kifo huzunguka ukoo mzima. Hapo ndipo nilipoona jambo limefika mahali pabaya. Yule kijana angeapa bila wasiwasi wowote, na asingekuwa anasema uongo. Angekuwa anasoma simu yake.

Ni kweli nilisoma hivyo vitu, lakini sikumaliza. Niliacha kozi ya upimaji ardhi na ramani mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, hadithi ambayo kila mtu kwenye rika letu anaijua kwa hivyo siirefushi. Siku hizi naishi kwa kuandika: maelezo ya bidhaa, hotuba za watu, mara mojamoja kitu kama hiki. Lakini kuna somo moja kutoka chuo ambalo limekataa kunitoka, na ndilo lilinifanya nimwombe jirani ile fotokopi niitazame chini kabisa, kwenye pambizo, mahali ambapo hakuna mtu huangalia. Pameandikwa Arc 1960.

Hapa nitakuomba uvumilivu kidogo.

Namba za mahali hazina maana zenyewe. Ni kama kumwambia mtu "tembea hatua mia kwenda mashariki" bila kumwambia aanzie wapi. Ramani za zamani za Kenya zilianzia kwenye msingi ulioitwa Arc 1960, uliotokana na mlolongo wa pembetatu ambazo wapimaji walizipima kuanzia Afrika Kusini kwenda kaskazini hadi Misri, wakifuata mstari wa longitudo 30. Ilikuwa kazi ya miongo mingi, ya watu waliopanda milima na vyombo mgongoni, na siidharau hata kidogo. Ila duara la dunia walilolitumia kwenye hesabu zao halikai mahali palepale ambapo simu yako inafikiri dunia iko. Simu hutumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, hapa kwetu utajikuta umesogea karibu mita mia tatu kaskazini na karibu mita mia moja magharibi.

Kaskazini, na magharibi kidogo. Kutoka kwenye mkonge, ukipita ndengu, ghala na kaburi, hadi kwenye mwembe.

Basi simu haikudanganya wala ramani haikudanganya. Kila mmoja alisema ukweli kutoka mahali pake pa kuanzia. Lakini nikajua swali litakalofuata, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza darasani: huo msingi mpya wa simu umefungwa wapi? Nani alipigilia kigingi chake? Bara linasogea. Sisi Kanyangi tuko mashariki ya Bonde la Ufa, na ardhi yetu yote, pamoja na mkonge, inasafiri kuelekea kaskazini-mashariki kwa takriban sentimita tatu kwa mwaka. Mhimili wa dunia unayumba. Hata mzunguko wa dunia si wa kuaminika: siku moja huzidi au kupungua kwa sehemu za milisekunde, na hapa karibu na ikweta, ambako ardhi inazunguka kwa mita zipatazo 465 kila sekunde, milisekunde moja ni karibu nusu mita. Setilaiti za GPS zinapita juu yetu kwa kilomita 20,200 hivi, na zenyewe haziwezi kujua kwa uhakika dunia chini yao imegeuka kiasi gani. Lazima kitu kingine kiziambie.

Kitu hicho ni kwasari.

Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi kubwa ajabu linameza gesi, na gesi hiyo kabla ya kupotea inawaka kiasi cha kuishinda nuru ya galaksi nzima. Ya kwanza kueleweka ilikuwa 3C 273. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, mwanaastronomia Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aligundua kwamba kile kilichofanana na nyota ya kawaida kiko mbali sana, umbali tunaouhesabu sasa kuwa zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru. (Kenya ina mkono kidogo katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya eksirei ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, na 3C 273 ni miongoni mwa vitu ilivyoviona. Shuleni hatukuambiwa.)

Kinachomfaa mpimaji ardhi si mwanga wa kwasari, ni umbali wake. Nilipowaeleza wazee, sikutumia neno kwasari hata mara moja. Niliwaambia watembee nami kutoka bomani kuelekea barabarani huku wakitazama magharibi. Mwembe wa karibu unakukimbia. Nyumba ya jirani inakukimbia polepole. Lakini ule ukingo wa Yatta kule mbali unakusindikiza, tembea utakavyo, uko palepale. Nyota za kawaida ni kama ile nyumba. Ukizipima vizuri kwa miaka utaona zimesogea. Kwasari ni Yatta kuliko Yatta. Ziko mbali kiasi kwamba hata zikienda mbio, kwa macho yetu ni kama zimesimama.

Mzee mmoja alikaa kimya kisha akaniuliza, "Kwa hivyo unataka kuleta nyota ziwe mashahidi?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee. Tayari zinatoa ushahidi kila siku, ila hakuna anayeziita kwa majina.

Namna zinavyosikilizwa ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Ukiwa gizani ukasikia nduthi inakuja, unajua inatokea upande gani kwa sababu sauti hufikia sikio moja kabla ya lingine. Hebu wazia masikio mawili yaliyo mbali kwa maelfu ya kilomita. Darubini moja ya redio iko Afrika Kusini, nyingine Ulaya, zote zimeelekezwa kwenye kwasari ileile usiku mmoja. Hakuna waya kati yao. Kila moja ina saa ya atomiki, kila moja inarekodi mawimbi inayopokea pamoja na wakati wake, kisha rekodi zote zinapelekwa mahali pamoja na kompyuta inazilinganisha mpaka zikae sawa. Tofauti ya wakati wa kufika hupimwa kwa usahihi mkali kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kutokana nayo unapata vitu viwili kwa mpigo: kwasari iko upande gani, na darubini zenyewe ziko wapi duniani usiku ule. Ndivyo tunavyojua dunia imegeuka kiasi gani. Hakuna njia nyingine inayopima hilo moja kwa moja namna hii.

Na kadiri masikio yanavyotengana ndivyo yanavyoona vidogo. Wamarekani wana mtandao wa antena kumi, kila moja upana wa mita 25, kutoka Hawaii hadi visiwa vya Virgin, zaidi ya kilomita 8,000. Vipimo vya aina hii hutenganisha vitu kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao. Kwa lugha ya nyumbani: kama watu wawili wangesimama kwenye Mwezi wameachana kwa mita mbili, na kila mmoja ameshika redio inayotangaza, ungejua ni wawili.

Ukali huo wa macho umeleta habari ambayo si nzuri kwa wapenda bikoni. Kwasari nyingi si nukta. Zina mkia, mchirizi wa mata uliotupwa kutoka kwenye kiini karibu kwa kasi ya nuru. Mchirizi wa 3C 273 una vipande ambavyo, ukivifuatilia mwaka hadi mwaka, unaviona vikisogea. Kitu kama hicho ukikifanya jiwe la mpaka, jiwe linatembea. Kwa hiyo wanaastronomia wamefanya kazi ambayo wazee wa ardhi wangeielewa bila kutafsiriwa: wamewachunguza mashahidi mmoja mmoja. Orodha inayotumika sasa duniani, iliyopitishwa mwaka 2018 na kuanza kazi Januari 2019, ina vitu 4,536, na kati ya hivyo ni 303 tu vilivyochaguliwa kushikilia msingi wenyewe. Wengine wanasikilizwa, lakini neno lao halikati shauri.

Nilikaa usiku kadhaa nikisoma kuhusu zile za mbali kabisa, kwa simu, kwa data ya kukopa. Hizo ni hafifu mno kwa kazi ya kila siku ya kushika mipaka, na nakiri hazikuwa na faida yoyote kwa kesi yetu. Lakini hebu fikiria. Mwaka 2018 ile mitambo kumi ya Wamarekani ilielekezwa kwenye kwasari inayoitwa P352-15. Mawimbi yaliyopokewa yalikuwa yamesafiri karibu miaka bilioni 13. Yalipoanza safari ulimwengu wenyewe haujafikisha bilioni moja. Darubini ya kawaida ingeona doa. Mitambo ile ikaona vipande vitatu vilivyopangika kwenye mstari, labda kiini na mchirizi wake, urefu wa kama miaka 5,000 ya nuru. Desemba 2024 ikatangazwa nyingine, J0410-0139, ya mbali zaidi, kutoka wakati ulimwengu ulikuwa na umri usiofika miaka milioni 800, na mchirizi wake umeelekea huku kwetu. Shimo lake jeusi lina uzito wa jua letu mara milioni 700 hivi. Watafiti bado wanavunja kichwa: kitu kizito namna hiyo kilipata wapi muda wa kukua, mapema hivyo? Mawimbi yake yametanuka njiani hadi kuwa marefu mara nane ya yalivyotoka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, mbu wananila, Susu anakohoa ndani, na nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu niache chuo.

Turudi kwenye mkonge, kwa sababu furaha haiandiki barua kwa msajili wa ardhi.

Niligeuza zile namba za kalamu kutoka Arc 1960 kwenda kwenye msingi wa simu. Kuna programu za bure za kufanya hivyo. Nikampa mwana wa jirani namba mpya na kumwambia atembee mwenyewe, na simu yake mwenyewe, mimi nibaki nyuma. Hilo lilikuwa muhimu. Kama ningeshika simu mimi, ungekuwa ushahidi wangu. Alitoka kwenye mwembe akarudi, wazee nyuma yake, polepole safari hii. Kwenye kaburi alipinda akalizunguka. Kidoti kilimpeleka hadi kwenye mkonge, akasimama hatua kama sita upande wa kwao.

Hatua sita ni kosa la kawaida la simu, na la kalamu nene kwenye ramani ndogo. Nilimwambia hivyo mbele ya wote, asije akadhani sasa mimi ndiye ninayedai kipande chake. Namba kama zile haziwezi kuamua hatua sita. Zinaweza tu kukwambia kama uko kwenye mkonge au kwenye mwembe.

Kithitu hakikutajwa tena. Susu aliuza mbuzi wawili, jirani akatoa anachoweza, na mpimaji mwenye leseni akaja na kipokezi chake cha miguu mitatu, kile kinachopata sentimita. Alinionyesha kwenye skrini orodha ya vituo vinavyosaidia kurekebisha vipimo. Malindi ilikuwamo; kuna kipokezi cha GPS pale kwenye kituo cha anga ambacho ni sehemu ya mtandao wa dunia nzima unaoshikiliwa, pamoja na mambo mengine, na zile kwasari. Nilitaka kumwambia, nikanyamaza, alikuwa na kazi. Alichokuta ni mkonge wa kweli wa watu wa kweli: umepinda mahali pawili, mita moja hivi huku, mita moja na nusu kule. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inajua habari hizi. Inasema ramani za usajili huonyesha mipaka ya kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mpaka umewekwa rasmi kwa vipimo, na mkigombana mnaanzia kwa msajili kabla ya korti. Tulienda, tukaandikisha, tukangoja tunavyongojaga kila kitu. Mkonge ulibaki mpaka.

Kuna jambo linaloniudhi katika habari hii yote. Ukiangalia ramani ya darubini zinazosikiliza kwasari kwa pamoja, Ulaya imejaa, Marekani imejaa, kisha Afrika kuna Hartebeesthoek kule kusini na baada ya hapo pengo kubwa. Pengo hilo si mapambo yaliyokosekana. Anga la kusini limepimwa kwa udhaifu kuliko la kaskazini, kwa sababu masikio ya upande wetu ni machache. Ghana iligeuza antena ya zamani ya simu za kimataifa pale Kuntunse, ya mita 32, ikawa darubini ya redio mwaka 2017. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, na sisi pia tuna antena kubwa za namna hiyo, kule Longonot, ambazo zimetajwa kwa miaka kwenye mpango huohuo. Zimetajwa. Wakenya tunajua uzito wa neno hilo. Tunatumia msingi uliofungwa kwenye kwasari kugawana mashamba, kuelekeza watu wa boda na kutafuta harusi porini, huku masikio yanayoushikilia yakiwa kwa wengine.

Yule kijana wa jirani sasa anajua kugeuza namba kunishinda. Alinitumia ujumbe wa WhatsApp mwezi mmoja baada ya kusajili, akaniuliza kama kazi hii hulipa, nikamwambia hailipi, akaniambia hata godauni haikulipa. Akaanza na shamba la mjomba wake. Kisha la mwalimu wa shule ya karibu. Watu wanampigia picha ramani zao za zamani, zilizokunjwa hadi zikatoboka, naye akikwama ananitumia.

Ya juzi ilitoka ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni. Mama mmoja, shemeji wamemjia na simu, kidoti kiko katikati ya jikoni lake. Picha ilikuwa imekatwa, imebaki namba peke yake. Nimemwandikia kijana amwombe mama apige tena, ramani yote, hasa pambizo la chini.